Bolti ya chupa haikazi wala haifunguki: kisa cha rivinati iliyolegea kwenye fremu ya alumini

Kelele yenyewe ilikua ndogo tu, tik tik tik, na ilikua inatokea kwenye barabara mbovu peke yake, ukirudi kwenye lami nzuri inapotea kabisa. Jamaa yangu ambae naendesha nae karibu kila wikiendi aliitafuta kwa miezi. Alisafisha ekseli ya pedeli, akapaka grisi kwenye paipu ya siti, akakaza usukani upya, akabadilisha mpaka pedeli zenyewe, na kelele ikabaki pale pale. Siku moja tumepanda kilima, chupa yake imeisha maji, tukashuka kwa upande wa pili kwenye mashimo yale yale ya siku zote na baiskeli ikawa kimya. Hapo ndo akili ikatujia. Tulivofika chini akajaza chupa, tukaendesha tena kidogo, kelele ikarudi.

Akashika kishikio cha chupa akakitikisa kwa mkono, kikacheza. Sehemu ya chini imetulia, ya juu inanyanyuka na kushuka kama jino linalotaka kung'oka.

"Kaka, mimi hii bolti nimeikaza mara nyingi sana," akaniambia, "kila wiki naikaza, na kila wiki inalegea."

Nikamwambia usiiguse tena, ilete nyumbani tuiangalie kwa utulivu. Naandika kisa chote hapa kwa sababu hii shida ni ya kawaida mno, na kile ambacho karibu kila mtu anafanya akiiona, yaani kuchukua alenki (ile spana ya pembe sita) na kukaza, ndicho kinachoimalizia kabisa. Jamaa yangu hakufanya ujinga wowote, kitu kimelegea mtu anakikaza, hio ni akili ya kawaida. Shida ni kwamba kilicholegea hakikua bolti.

Sasa twende taratibu. Kwenye fremu nyingi za alumini na za kaboni yale matundu mawili yenye meno ambayo bolti za kishikio zinaingia hayajatobolewa kwenye fremu yenyewe. Ukuta wa paipu ni mwembamba mno, milimita moja na kitu, wakati mwingine chini ya hapo, na bolti ya M5, yaani yenye unene wa milimita 5, ina hatua ya 0.8 mm kati ya jino na jino, kwaiyo ungechonga meno moja kwa moja kwenye ukuta ungepata jino moja au mawili na yangeng'oka siku ya kwanza. Kinachowekwa pale ni rivinati. Ni kijibomba kifupi cha chuma au alumini, nje kina ukingo mpana kama kofia, ndani kina meno, ila meno yapo sehemu ya mbali tu, ile iliyozama ndani ya paipu. Sehemu iliyo karibu na kofia haina meno na ukuta wake umefanywa mwembamba makusudi. Kiwandani wanakiingiza kwenye tundu, wanakivuta kwa mashine kutokea nje, ule ukuta mwembamba unajikunja na kufura kwa ndani, na fremu inabanwa katikati, kofia nje na uvimbe ndani. Kitu kizuri sana kwa sehemu ambayo mkono hauwezi kufika upande wa nyuma. Kampuni ya BF Goodrich ya Marekani ndo iliyoitengeneza miaka ya 1930 kwa ajili ya kufungia mipira ya kuondoa barafu kwenye mabawa ya ndege, na bawa la ndege lina tatizo lile lile la paipu ya baiskeli, ukuta mwembamba na nyuma hapafikiki.

Ukishaelewa hilo, mengine yote yanajieleza. Rivinati haijachomelewa na mara nyingi haina gundi, imeshika kwa kubana tu. Huo ubanaji ukipungua hata kidogo inaanza kucheza, ikicheza inasugua tundu, tundu linapanuka, inacheza zaidi. Na ukikaza bolti wakati rivinati imeshalegea unaizungusha yote ndani ya tundu kama biti ya drili.

Kabla ya kushika spana yoyote nilitaka kujua tupo hatua gani, maana hii shida ina hatua na kila hatua ina dawa yake. Ya kwanza ni bolti tu imelegea na rivinati imetulia, hio unakaza unaenda zako. Ya pili rivinati inacheza juu na chini au inalia ukitikisa kishikio, lakini ukigeuza bolti inafunguka na kufunga kama kawaida, hio bado ni nafuu sana. Ya tatu ni pale unageuza bolti na rivinati inazunguka nayo, haifungi wala haifunguki, unaweza kugeuza mpaka jioni. Ya kwetu ilikua ya tatu. Niliweka alama ya kalamu kwenye kichwa cha bolti, nikachungulia kwa tochi kwenye uwazi mdogo kati ya kishikio na fremu huku jamaa anageuza taratibu, na kofia ya rivinati nikaiona inazunguka pamoja na bolti kama kitu kimoja.

Kwanini ilifika pale? Tulipokaa tukaongea vizuri sababu zilijitokeza tatu, na nadhani zote zilichangia. Pampu yake ilikua imefungwa kwenye kibanio kinachotumia bolti hizo hizo za chupa, kwaiyo chupa ya 750 ml iliyojaa ambayo ni robo tatu ya kilo, ukiongeza pampu na kibanio chake kinachoning'inia pembeni, kila shimo la barabara lilikua linaipinda rivinati kwa upande mmoja. Pili, vinywaji vyenye sukari na chumvi vilikua vinamwagikia pale pamoja na jasho, bolti ni ya chuma kisichoshika kutu, rivinati ni alumini, na metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini ndo inayolika. Ule unga mweupe tulioukuta kwenye meno ni alumini iliyolika, na ndo ulioishikisha bolti kwenye rivinati kama gundi. Tatu ni ile kukaza kila wiki. Bolti hizi hazihitaji nguvu, 2 mpaka 3 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) inatosha, kwa maana ya nguvu za vidole viwili au vitatu kwenye alenki fupi. Jamaa yangu ana mikono ya mtu anaebeba mizigo.

Kazi ya kwanza ikawa kuitoa hio bolti, na hapa ndo tulipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tulifungua bolti ya chini kwanza, ikatoka bila shida. Ya juu tukaimwagia oili ya kulegeza kutu, tukalaza baiskeli ubavu oili ibaki pale pale, tukaiacha usiku mzima. Asubuhi nikajaribu njia ambayo huwa inasaidia mara nyingi, unaingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu chini ya kishikio, unanyanyua kidogo ili rivinati ivutwe nje na uvimbe wake wa ndani ung'ang'anie ukuta wa paipu, alafu mwenzako anafungua bolti taratibu wakati wewe unanyanyua. Ikigoma geuza mbele kidogo nyuma kidogo, usiende upande mmoja tu. Sisi tulifanya dakika ishirini hivi, ikasogea kama robo mzunguko alafu ikashika tena. Nilikua naona kabisa ukingo wa kofia unaanza kukwaruza rangi ya fremu, nikasema basi, tukiendelea hivi tunapanua tundu.

Tatizo kubwa ni kwamba kofia ya rivinati ambayo ndo ungetaka kuishika imefunikwa na kishikio cha chupa, na kishikio hakitoki mpaka bolti itoke. Wengi wanakata kichwa cha bolti kwa drili, biti ya 5 mm katikati ya kichwa mpaka kichwa kiachie, kishikio kinatoka na unabaki na kipande cha bolti cha kushika kwa plaizi. Ni njia halali na nimewahi kuitumia, ila bolti inayozunguka huru inazunguka pia na drili, na joto linalotoka pale linaenda kwenye rangi na kwenye fremu. Nikaangalia kishikio chenyewe, cha plastiki, kimekwanguka, kimechoka. Nikamuuliza, ndugu yangu, hiki kishikio unakipenda? Akasema kata. Nikachukua plaizi ya kukatia waya nikaking'ata kipande kwa kipande kuzunguka bolti mpaka kikaachia, na pale chini ikabaki bolti na kofia ya rivinati iko wazi kabisa. Kama kishikio chako si cha thamani fanya hivi mapema, usipoteze usiku mzima kama sisi. Kipya kinapatikana, fremu ndo haipatikani kirahisi.

Kofia ilikua na upana wa kama milimita kumi na unene wa karibu milimita moja, duara tupu, plaizi inateleza. Tukafunika fremu kuizunguka kwa tepu tabaka tatu, nikachukua tupa ndogo nikapiga pande mbili za kofia zikawa bapa, kidogo tu, kiasi cha meno ya plaizi kupata pa kukaa. Plaizi yenyewe iwe ya kujifunga, ile ukibana inabaki imebana bila kuishikilia. Nikabana, oili tena, alenki ya 4 mm ndani ya kichwa cha bolti, na nikaanza kugeuza digrii nane mbele digrii ishirini nyuma, mbele, nyuma. Ilipiga mlio mkali kama kitu kimevunjika, moyo ukaniruka, ila ilikua ni ule unga umeachia. Bolti ikatoka yote ikiwa na rangi nyeupe kwenye meno.

Hapo nikapumua, na jamaa akadhani tumemaliza.

Kabla ya kurekebisha chochote nilisafisha pale vizuri kwa kitambaa chenye spiriti nikachunguza kwa tochi na kioo cha kukuzia. Nilikua natafuta mambo mawili. La kwanza ni ufa kwenye fremu kuanzia ukingoni mwa tundu, hasa kwa mwelekeo wa kuzunguka paipu, kwa sababu paipu ya chini inabeba mzigo mkubwa na ufa ukianzia pale mazungumzo ya rivinati yameisha, fremu inaenda kwa fundi wa kuchomelea au inastaafu. Hakukua na ufa. La pili ni umbo la tundu. Nilisukuma rivinati pembeni kila upande kwa kidole nikaona inacheza kiasi kidogo sana na kwa usawa pande zote, maana yake tundu limebaki duara. Lingekua limeshakua yai, kuibana tena kusingesaidia kwa muda mrefu.

Kitu kingine tulichokikuta hakikua kwenye mpango. Tulivogeuza baiskeli juu chini na kuchomoa paipu ya siti, maji yakatoka. Rivinati iliyolegea inavuja, na mvua zote za miezi ile pamoja na maji ya kuoshea baiskeli zilikua zinaingilia pale na kukaa karibu na ekseli ya pedeli. Tuliiacha imegeuzwa mpaka ikakauka kabisa.

Sasa kulikua na chaguo mbili, kuitoa rivinati kwa drili na kuweka mpya, au kuibana tena hio hio. Watu wengi ushauri wao wa haraka ni weka mpya, na mimi siupendi kama hatua ya kwanza. Kuitoa maana yake ni kutoboa kitu kinachozunguka, biti ikiyumba inakula fremu, na ule uvimbe wa ndani unadondoka ndani ya paipu na kuanza kupiga kelele mpya ambayo itakutesa kuliko ya kwanza. Kama meno ya ndani ni mazima na tundu ni duara, jaribu kuibana kwanza. Ikishindikana drili ipo tu haitoroki. Ya kwetu meno yalikua sawa, niliingiza bolti mpya yenye grisi kwa vidole ikashuka mpaka mwisho bila kukwama.

Kuna kifaa maalum cha kubania rivinati kinachofanana na plaizi kubwa ya ribiti, ukiwa nacho kazi ni ya dakika mbili. Sisi hatukua nacho, tukatengeneza. Unahitaji bolti ya M5 ngumu, ile iliyoandikwa 12.9 kichwani, ndefu kama 40 mm, na iwe na meno mpaka kichwani. Usitumie bolti laini, itanyooka na meno yake yatakwama humo ndani na utarudi kule kule tulikotoka. Kwenye bolti unapandisha nati ya M5 mpaka karibu na kichwa, chini yake washa mbili, chini yake kipande cha bomba fupi au nati kubwa zaidi ambayo bolti inapita bila kugusa, hicho ndo kitakachokalia kofia ya rivinati. Unazamisha bolti ndani ya rivinati mpaka ipite meno yote, kumbuka meno yapo mwisho kule ndani, ukishika meno mawili tu utayang'oa. Alafu unashika kichwa cha bolti kwa alenki kisizunguke kabisa, na unageuza nati kwa spana namba 8 iende kushuka kuelekea kwenye fremu. Nati inasukuma washa, washa zinasukuma bomba, bomba linakandamiza kofia, na kwa kuwa nati haiwezi kushuka zaidi bolti ndo inavutwa juu na meno ya rivinati pamoja nayo. Ule ukuta mwembamba unajikunja upya. Kuvuta. Hicho ndicho kitu ambacho ile alenki ya kila wiki haikuwahi kufanya, yenyewe ilikua inazungusha.

Mara ya kwanza tulishindwa, na sababu yake nimeifikiria sana. Nati ilikua inageuka vizuri, spana inaenda, ila sikusikia ugumu wowote. Nikasimama nikaangalia chini, nikakuta washa zinazunguka na nati, bomba linazunguka na washa, na rivinati inazunguka na bomba. Sasa fikiria, nati ya juu inashuka kwenye bolti kwa 0.8 mm kila mzunguko, na rivinati nayo ni nati vilevile, ikizunguka upande ule ule kwenye bolti ile ile nayo inashuka 0.8 mm. Umbali kati yao haubadiliki. Ungegeuza mpaka bolti iishe na hakuna kitu kimevutwa hata kwa unywele.

Dawa ilikua kutenganisha kinachozunguka na kisichotakiwa kuzunguka. Grisi nyingi kati ya nati na washa ya kwanza, na kati ya washa mbili zenyewe, ili pale ndo pateleze. Chini kabisa kati ya bomba na kofia tukaweka washa ya meno, ile yenye makucha pembeni, pakavu bila tone la grisi, ing'ate kofia. Na zile pande bapa nilizopiga tupa zikaja kusaidia mara ya pili, jamaa alishika kofia kwa plaizi nyembamba wakati mimi nashika alenki kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine. Mikono minne, na ukiwa peke yako ni ngumu kwa kweli.

Lakini kabla ya kuvuta tuliongeza epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya. Niliifikiria kidogo hii kwa sababu kuna watu wanategemea epoksi peke yake, wanamimina pale wanasubiri ikauke wanaenda, na kwenye alumini inayotikisika na kupinda kila siku mara nyingi haikai. Ila kama msaidizi ni nzuri, inajaza ule uwazi uliosuguliwa, inazuia rivinati kuzunguka, na inaziba maji. Tulisafisha tena kwa spiriti, nikainyanyua kofia kidogo kwa ncha ya kisu, nikasukuma epoksi chini yake kwa njiti ya meno kuzunguka pande zote, na bolti ya kuvutia tukaipaka grisi meno yote isije ikagandishwa mle milele. Angalia tu grisi hio isifike kwenye kofia na tundu, epoksi haishiki kwenye mafuta.

Alafu tukavuta. Robo mzunguko, simama, angalia kama kofia imezunguka. Haijazunguka. Robo nyingine, ugumu ukaanza kusikika mkononi, tofauti kabisa na mara ya kwanza. Epoksi ikatoka kidogo pembeni mwa kofia, nikaifuta. Robo ya tatu ilikua nzito na ya kuongezeka taratibu, na mwisho wake spana ikawa kama imegonga ukuta. Nikaacha hapo hapo. Robo tatu za mzunguko ni 0.6 mm, basi, ndo kiasi kilichokua kimepotea na kutesa mtu miezi yote. Jamaa akasema ongeza kidogo kwa usalama, nikakataa. Bolti ya 12.9 ni ngumu kuliko rivinati ya alumini kwa mbali, ukilazimisha atakaeshindwa ni meno ya rivinati na hapo huna namna tena zaidi ya drili. Ukisikia imegoma, imefika.

Tukaitoa bolti ya kuvutia siku hio hio kwa uangalifu, ikatoka na rivinati haikusogea. Tukaacha epoksi masaa 24 bila kugusa, na nilimkatalia kuendesha hata kwenda dukani.

Kesho yake tukafunga kishikio kipya. Matundu ya kishikio yanatakiwa kuwa umbali wa 64 mm, hicho ndo kipimo cha kawaida karibu kote, lakini nilipima kwanza kama mgongo wa kishikio unakaa sawasawa kwenye fremu bila kuyumba, maana kishikio kilichopinda ukikikaza kinaanza kuivuta rivinati kwa upande kila siku. Bolti mpya mbili, grisi kwenye meno, hakuna gundi ya kuzuia bolti kulegea. Najua wengi wanapaka ile gundi ya bluu, na sehemu nyingine za baiskeli naikubali, ila kwenye rivinati sipendi, kwa sababu siku ya kufungua nguvu ya ziada unayohitaji ndo hio hio inayoweza kuizungusha. Tukaingiza zote mbili kwa vidole kwanza kabla ya kukaza yoyote. Kukaza nikamwambia ashike alenki kinyume, mkono mrefu uingie kwenye bolti na ageuze kwa ule mfupi kwa vidole viwili. Kwa namna hio hata mtu mwenye mikono kama yake hawezi kupitiliza kirahisi. Pampu tukaihamishia kwenye mfuko wa chini ya siti.

Ya chini nayo tuliipa muda kidogo. Ilikua imetulia, lakini bolti yake ilikua na unga mweupe ule ule unaanza kwenye meno mawili ya juu. Tukasafisha, grisi, basi. Na hili ni la mtu yeyote, hata kama hutumii kishikio cha chupa kabisa, acha bolti fupi zenye grisi kwenye matundu yale, usiyaache wazi yanywe maji.

Yetu ilikua ya alumini na nimeeleza ya alumini. Kama fremu ni ya kaboni usivute hivi kwa nguvu, ukuta wa kaboni haujikunji, unapasuka, na ufa mwingine hauonekani kwa nje. Pale epoksi ndo inabeba kazi kubwa na uvutaji uwe wa kugusa tu, au mpelekee fundi anaejua kaboni, na kama bado ina waranti uliza kwanza kabla hujaigusa. Fremu ya chuma ya kizamani mara nyingi haina rivinati kabisa, vile vituo vya kuingizia bolti vimechomelewa, kikilegea kimekatika na kinataka moto. Na kama ingebidi kuweka mpya kwenye alumini, rivinati ya M5 ya kawaida inataka tundu la 7 mm, biti kali, mwendo wa taratibu, unatoboa kofia tu mpaka iachie na sehemu ya ndani unaisukuma idondoke, kisha unaitafutia njia ya kutokea kwenye paipu ya siti au kwenye ekseli ya pedeli. Chagua ya alumini kwenye fremu ya alumini, ya chuma itaanzisha upya ule mchezo wa kulika.

Baada ya safari tatu tuliikagua, nikashika kishikio nikakivuta kila upande, kimya. Tuliikagua tena baada ya miezi miwili, tukafungua bolti zote mbili kuona kama zinafunguka kirahisi, zikafunguka kwa vidole viwili, tukafuta, tukapaka grisi mpya. Ya juu imekaa kama imeota pale. Ya chini nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi ikatoa kamlio kadogo sana, tik moja, haichezi kwa macho ila inasikika, na safari hii hatukusubiri, tulitoa ile bolti ndefu na washa zake tukaivuta robo mzunguko siku hio hio.